Nguvu Iliyomo Katika Gari Linaloteremka

Wakulima wa skimu za Kinangop wana jambo moja ambalo wenzao wa Mwea hawalijui sana: mazao yao hukua juu, na soko liko chini. Uwanda wa Kinangop uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha iko karibu na mita 1,900. Kwa hiyo kila gunia la viazi, kila mkebe wa maziwa na kila kichwa cha kabichi kiendacho Naivasha ni lazima kiteremke kimo cha mita 500 au zaidi kabla hakijauzwa. Mambo ni hayo hayo kwa wakulima wengi wa Nyandarua, wa Molo, wa Cherang'ani na wa kila mahali penye milima. Nao husema, "Kuteremka si kazi, kazi ni kupanda." Maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyachunguza mwezi huu, kwa sababu wako watu waliokufa kwa kuyaamini.

Nyundo na msumari

Hebu tuanze na nyundo. Weka nyundo juu ya kichwa cha msumari uiache ikae hapo. Msumari hautaingia ubaoni hata ukingoja mpaka jioni. Sasa inua nyundo ile ile upige. Msumari unaingia. Uzito wa nyundo haukuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni mwendo. Mkono wako ulifanya kazi ya kuisukuma nyundo, na kazi hiyo ikawekwa ndani ya nyundo kama fedha ziwekwavyo benki. Ilipogota kwenye msumari ikatolewa yote mara moja. Hiyo ndiyo nguvu ya mwendo. Watoto wako wanaosoma huenda wakaiita nishati ya mwendo. Ni kitu kile kile.

Kila kiendacho kina nguvu hii: baiskeli, ng'ombe anayekimbia, maji ya mto, lori. Kiasi chake hutegemea mambo mawili, uzito na mwendo. Habari ya uzito ni rahisi. Lori la tani 10 lina nguvu mara mbili ya lori la tani 5, ikiwa yote mawili yanakwenda mwendo mmoja. Hapo hakuna anayekosea. Watu hukosea kwenye mwendo. Dereva akitoka kilomita 40 kwa saa akafika kilomita 80, hudhani ameongeza nguvu ya gari lake mara mbili. Sivyo. Ameiongeza mara nne. Na aendaye mara tatu ya mwendo wa kwanza ana nguvu mara tisa.

Jambo hili waweza kulijaribu mwenyewe nyuma ya nyumba. Tafuta tope laini lililolingana vizuri, na jiwe la mviringo. Liangushe jiwe kutoka kimo cha nusu mita, yaani kama magotini. Kisha panda juu ya kigoda uliangushe kutoka kimo cha mita 2. Linapolifikia tope mara ya pili, mwendo wake ni mara mbili tu ya ule wa kwanza. Lakini pima shimo: limezama karibu mara nne. Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, alifanya jaribio la namna hii katika miaka ya 1720 kwa kuangusha mipira ya shaba katika udongo laini wa mfinyanzi, na Bibi Émilie du Châtelet wa Ufaransa akalieleza katika kitabu chake mwaka 1740. Kabla ya hapo wataalamu wakubwa wa Ulaya walikuwa wakibishana vikali juu ya neno hili, kwa hiyo mkulima asione haya ikiwa naye alifikiri mara mbili ni mara mbili.

Jaribio hilo linatufundisha na jambo la pili, ambalo kwetu sisi wa milimani ndilo kubwa zaidi. Jiwe halikusukumwa na mtu. Mwendo wake ulitoka wapi? Ulitoka katika kimo. Kitu kilicho juu kina nguvu iliyotulia ndani yake, na kikishuka nguvu hiyo hugeuka kuwa mwendo. Kimo na mwendo ni kama mtu mmoja mwenye nguo mbili. Akivua hii, huvaa ile.

Basi twaweza kupima mwendo wa gari kwa kimo. Lori liendalo kilomita 20 kwa saa lina nguvu sawa na ya lori lililoanguka kutoka kimo cha mita 1 na nusu hivi, kama kifuani mwa mtu. Kwa kilomita 40 ni mita 6, kimo cha nyumba ya ghorofa moja. Kwa kilomita 60 ni mita 14. Kwa kilomita 80 ni mita 25, na huo ni mkaratusi mrefu. Kwa kilomita 100 ni karibu mita 40. Hesabu hii haibadiliki, liwe lori tupu au lenye mzigo, kwa sababu kizito na chepesi huanguka pamoja. Kilicho kizito huumiza zaidi tu. Sasa fikiria lori lenye magunia limetundikwa kileleni mwa mkaratusi, na kamba ikatwe. Aendaye kilomita 80 kwa saa ameketi ndani ya lori kama hilo, ila kamba bado haijakatwa.

Nguvu haipotei

Sheria ya nguvu ni moja, nayo haina ruhusa wala msamaha: nguvu haiumbwi na haipotei, hugeuka tu kutoka hali moja hadi nyingine. Dizeli ina nguvu ndani yake. Injini huichoma, sehemu ikawa mwendo, na sehemu kubwa zaidi ikatoka kama joto kwa njia ya rejeta na moshi. Gari likipanda mlima, mwendo hugeuka kuwa kimo. Likiteremka, kimo hurudi kuwa mwendo. Na ukikanyaga breki, mwendo hugeuka kuwa joto. Breki haifuti nguvu. Huihamisha kutoka katika gari na kuitia katika chuma cha magurudumu, kisha upepo hukipoza chuma pole pole.

Aliyetuonyesha vizuri ya kuwa joto na kazi ni kitu kimoja ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe kule Uingereza. Katika miaka ya 1840 alifunga mizigo kwenye kamba, akaiacha ishuke pole pole huku ikizungusha makafi ndani ya chombo cha maji, halafu akapima jinsi maji yalivyopata joto. Mzigo ukishuka, maji yakapata joto kidogo. Kila mara kiasi kilikuwa kile kile. Kwa heshima yake kipimo cha nguvu huitwa juli, na juli milioni moja huitwa megajuli. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi.

Tufanye hesabu ya safari ya kweli. Trekta lina uzito wa kilo 2,500. Trela tupu ni kilo 1,000. Ndani mna magunia 60 ya viazi, kila moja kilo 50 kama sheria inavyotaka, jumla kilo 3,000. (Aliyekubali kushonewa lumbesha aongeze mwenyewe. Lumbesha humdhulumu mkulima sokoni, na njiani huidhulumu breki.) Basi uzito wote ni kilo 6,500, nao unateremka mita 500. Nguvu ya kimo inayotoka hapo ni megajuli 32, karibu sawa na nguvu yote iliyomo katika lita moja ya dizeli. Joto la kiasi hicho latosha kuchemsha madebe 5 ya maji yaliyotekwa asubuhi ya baridi.

Huenda ukauliza ni nani aliyeviweka viazi vile juu, kwa kuwa hakuna injini iliyovipandisha. Ni kweli, vilikulia huko. Lakini mlima hauulizi. Kilicho juu kikishuka hutoa nguvu, hata kama hakikulipiwa nauli ya kupanda.

Si joto hilo lote litakalokwenda kwenye breki. Sehemu huliwa na matairi na barabara, na barabara ya changarawe hula zaidi kuliko lami. Hata tukisema nusu yake imeliwa njiani, bado yabaki madebe mawili na nusu ya maji yanayochemka, na joto hilo lazima lipate mahali pa kwenda. Linganisha na kazi ambayo breki ya trekta ilitengenezewa. Trekta letu na mzigo wake likienda kilomita 20 kwa saa, nguvu yake ya mwendo ni sehemu moja ya kumi ya megajuli moja. Breki huimeza kwa urahisi, gari likasimama, chuma kikapoa. Lakini katika mteremko mzima wa Kinangop tunaiomba imeze kiasi hicho zaidi ya mara mia moja na hamsini, moja juu ya nyingine, bila kupumzika. Haiwezi, na si kosa la fundi.

Breki inavyochoka

Dereva huanza kuteremka kwa gea kubwa, mguu ukiwa juu ya breki. Kilomita ya kwanza mambo ni mazuri. Ndani ya gurudumu shuu za breki zinasuguana na ngoma ya chuma, na ngoma inapata joto. Chuma kikipata joto hutanuka, hivyo ngoma hujitenga kidogo na shuu, na kanyagio lazima lishuke zaidi ndipo breki ishike. Shuu zenyewe zikizidi joto uso wake huwa laini kama kioo, zikateleza. Hapo ndipo husikika ile harufu ya kuungua ambayo abiria huisikia kabla ya dereva. Joto likifika kwenye mafuta ya breki, nayo huchemka yakatoa mapovu. Mafuta hayabonyei, lakini mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga, na kanyagio linakwenda mpaka chini kana kwamba anakanyaga sufu.

Lori lenye breki za hewa lina hatari yake tena. Kila ukikanyaga na kuachia, hewa hutoka. Ukikanyaga mara nyingi huku injini inazunguka pole pole, pampu haiwahi kuijaza tangi.

Ikiwa breki imekwisha kuchoka, gari hukusanya mwendo upesi kuliko watu wanavyodhani. Kumbuka mkaratusi wetu: kushuka mita 25 tu ni kilomita 80 kwa saa. Barabara ishukayo mita 1 katika kila mita 20 itakushusha mita 25 kwa nusu kilomita. Hata tukiliondoa lile linaloliwa na matairi, haifiki kilomita moja tangu kanyagio kuzama mpaka trekta kufikia mwendo ambao halikutengenezewa kamwe, na ambao usukani wake hauwezi kuumudu.

Gea ndiyo breki ya mlimani

Yafaa basi nguvu ya mlima ipelekwe mahali pengine pasipochoka. Mahali hapo ni injini. Gari likiwa katika gea ndogo, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo huizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu. Injini haipendi kuzungushwa. Inavuta hewa na kuisukuma nje, vyuma vyake vyote vinasuguana, na joto lake huenda kwenye maji ya rejeta na kwenye bomba la moshi, vitu ambavyo vilitengenezwa kwa kazi ya kuondoa joto kutwa nzima. Kadiri gea ilivyo ndogo, ndivyo injini inavyozunguka mara nyingi kwa kila mita ya barabara, na ndivyo inavyozuia zaidi.

Kanuni ya madereva wa zamani ni nzuri na haijapitwa na wakati: teremka kwa gea ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo ukiwa na mzigo huo huo. Gea hiyo itiwe juu, mahali palipo tambarare, kabla pua ya trekta haijainama. Usingoje. Ukiwa umekwisha kuanza kushuka ukakanyaga klachi ili ubadilishe, kwa muda huo hakuna kitu kinachoishikilia tani yako 6 na nusu, na huenda gea isiingie tena. Matrekta mengi yana gea ambazo hazikubali kuingia likiwa katika mwendo. Ukishaanza, iache klachi. Breki itumie kidogo kidogo: kanyaga sawasawa mpaka mwendo upungue, kisha achia ipoe, kisha tena. Kuweka mguu juu yake muda wote, hata kwa wepesi, ndiko kunakoiunguza.

Sasa tuseme habari ya kutoa gea. Wako madereva, wa lori na wa trekta, wanaoiweka gari nyutro wakifika kwenye mteremko, na wengine huzima injini kabisa. Husema wanaokoa dizeli. Tulitazame jambo hili bila hasira, kwa maana dizeli ni ghali na kila mtu ana haki ya kuiokoa.

Gari likiwa nyutro na injini inanguruma, injini yahitaji dizeli ili isizimike. Hiyo ni dizeli inayokwenda. Gari likiwa katika gea na mguu uko nje ya mafuta, mlima ndio unaoizungusha injini, na pampu ya dizeli hukata mafuta kwa kuwa hayahitajiki. Hiyo ndiyo safari ya bure. Kwa hiyo aliyetoa gea ametumia dizeli zaidi, ameitupa breki yake kubwa, na ameziachia breki ndogo za magurudumu mzigo wote. Mwenye kuzima injini hakika hatumii tone, lakini amepoteza na usaidizi wa usukani na pampu ya hewa. Tena, kile kidhibiti mwendo ambacho sheria inataka kifungwe kwenye magari makubwa hufanya kazi kwa kuizuia injini. Gari likiwa nyutro hakina cha kuzuia. Lori lenye kidhibiti cha kilomita 80 laweza kufika 120 likisukumwa na mlima, na kidhibiti kikatazama tu.

Mkulima anayekodi lori ana neno la kusema hapa. Mzigo ni wako na mara nyingi wewe mwenyewe umeketi mbele kando ya dereva. Ukimwona ameusukuma mkono wa gea katikati na kuuacha hapo mlima unapoanza, mwambie, tena mapema. Atakasirika kidogo. Mwache akasirike.

Trela ndilo bwana

Katika mfano wetu trela lenye mzigo lina kilo 4,000 na trekta lina kilo 2,500. Kwenye tambarare trekta ndilo bwana, linavuta na trela linafuata. Kwenye mteremko mambo hupinduka. Ukilizuia trekta peke yake, trela linataka kuendelea, nalo ndilo zito. Litausukuma mkia wa trekta, na barabara ikiwa na kona au tope litausukuma kando mpaka vyombo viwili vijikunje kama kisu cha kukunja. Kwa hiyo trela lisilo na breki zake lisizidi uzito wa trekta, na katika milima mikali hata huo ni mwingi. La kilo 4,000 lazima liwe na breki, na breki hizo ziwe zinafanya kazi, si zile zilizofungwa kwa waya tangu mwaka juzi.

Breki za trekta zina kanyagio mbili, ya kushoto na ya kulia, ili upate kukata kona kali mwisho wa shamba. Barabarani kanyagio hizo sharti zifungwe pamoja kwa kile kishikio chake. Ukikanyaga moja peke yake katika mwendo, gurudumu moja husimama na lingine huendelea, na trekta hupinduka. Ikiwa trekta lako lina uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne, lifunge hivyo kabla ya kuteremka. Magurudumu ya mbele nayo yatasaidia kulizuia.

Halafu kuna watu juu ya magunia. Kila mtu aliyeketi juu ya mzigo ana nguvu yake mwenyewe ya mwendo, na breki ya trekta haimshiki yeye. Trekta likisimama ghafula, yeye bado hajasimama. Ataendelea kwa mwendo ule ule mpaka akutane na kitu, na kitu hicho kwa kawaida ni ardhi, au gurudumu la trela linalokuja nyuma yake. Hii ndiyo sababu ya mkanda katika gari dogo: unamfunga mtu na gari ili wasimame pamoja. Juu ya viazi hakuna mkanda. Wanaokwenda sokoni wapande matatu, na watoto wasikae kamwe kwenye chuma kinachounganisha trekta na trela.

Wenye mikokoteni ya punda wasidhani haya hayawahusu. Punda anayeteremka na kilo 400 nyuma yake hana gea. Akifungwa vizuri huwa na mkanda mpana nyuma ya mapaja, naye hukaa juu yake na kuuzuia mkokoteni kwa uzito wa mwili wake. Wengi hawafungwi mkanda huo, na mkokoteni humsukuma kisogoni mpaka anakimbia asipotaka. Wasukuma mikokoteni wa mjini wamekuwa na akili zaidi: hufunga kipande cha tairi kuukuu nyuma, na kwenye mteremko huinua mikono ya mbele ili tairi liburuzwe barabarani. Tairi huungua badala ya mtu. Ni breki halisi, na mwenye mkokoteni wa punda aweza kuiiga kwa gharama ndogo.

Mahali pa kuuzia

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori lenye kontena liliacha njia likayagonga magari na wachuuzi waliokuwa wakiuza kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa wamesimama na bidhaa zao.

Twalitaja jambo hili kwa ajili ya mkulima anayepanga karoti na viazi vyake kando ya barabara kuu. Wateja husimama kwa urahisi chini ya mlima, na ndiyo sababu vibanda hujaa hapo. Lakini chini ya mlima ndipo mahali ambapo nguvu yote ya kimo imekwisha kugeuka kuwa mwendo, na ambapo breki zote zimekwisha kupata joto. Tena kilomita 80 kwa saa ni mita 22 katika kila nukta moja. Dereva akiona hatari, hupita nukta nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha, hata breki ziwe nzuri na lami iwe kavu, atahitaji karibu mita 50 tena. Kwa kilomita 40 angehitaji mita 12 tu. Ndiyo ile mara nne yetu tena. Kibanda kikiwa hatua tano kutoka kwenye lami hakimo katika hesabu hiyo hata kidogo. Chagua mahali ambapo magari hupanda, au palipo tambarare mbali na mteremko, na ujenge nyuma kabisa, upande wa ndani wa kona na si ule wa nje.

Kuitunza nguvu uliyoinunua

Yote tuliyoyasema ni ya hatari, lakini sheria hiyo hiyo yaweza kukuokolea fedha. Lori la tani 7 liendalo kilomita 60 kwa saa lina megajuli moja ya nguvu ya mwendo. Injini nzuri ya dizeli hukupa kazi ya megajuli 12 hivi kwa lita, kwa maana theluthi mbili hupotelea kwenye joto. Basi kila mara usimamishapo lori hilo kwa breki na kuliondoa tena, umetupa sehemu moja ya kumi na mbili ya lita. Simama mara kumi na mbili bila sababu, lita moja imekwenda, na breki zimelika pia. Dereva anayetazama mbali, akaona matuta au ng'ombe wanavuka, huondoa mguu kwenye mafuta mapema, gari likiwa bado katika gea, na kuliacha lipungue lenyewe. Mwenziwe anayekimbilia mpaka kwenye matuta na kukanyaga kwa nguvu hafiki mapema zaidi. Matairi yenye upepo wa kutosha nayo husaidia: tairi laini hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko ni joto ulilolinunua.

Wako waliofaulu kuirudisha nguvu ya mteremko badala ya kuichoma. Wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, karibu na mwaka 1900, mabehewa yaliteremshwa kwa muda katika ukingo wa Bonde la Ufa kwa kamba za chuma, na uzito wa lililoshuka ulisaidia kulipandisha lingine. Siku hizi magari ya umeme hufanya jambo hilo kwa njia nyingine: dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka kuwa dinamo na sehemu ya nguvu hurudi katika betri. Trekta la dizeli haliwezi, kwa hiyo turudi kwenye trekta la dizeli.

Kabla ya kuondoka nyumbani siku ya soko, tazama mafuta ya breki, pini ya trela na mnyororo wake wa akiba. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu ukiwa bado mahali pa tambarare, mzigo ukiwa umekwisha kupakiwa, uone kama trekta na trela vinasimama pamoja. Ikiwa mvua imenyesha usiku na barabara ni ya udongo, ngoja ikauke. Gea ndogo huzuia magurudumu, lakini haiwezi kuyapa magurudumu mahali pa kushika. Na ukifika chini ukakuta breki zinatoa harufu, simama mahali wazi, weka mawe mbele ya magurudumu, uache zipoe kwa upepo peke yake kwa muda wa nusu saa au zaidi. Usizimwagie maji. Chuma cha ngoma ya breki kikimwagiwa maji ya baridi kikiwa moto hupasuka, na ufa huo hutauona mpaka safari nyingine.